Swali la Kuuliza Kabla Hujapewa Kadi ya Mathree

Wiki hii nimetumiwa ile video mara kumi na moja. Unaijua. Jamaa wa kofia anapita katikati ya watu kwenye basi na kimashine cha malipo mkononi, anakigusisha kwenye mifuko yao ya nyuma, na kila akigusa kinalia "ti". Chini kumeandikwa kwamba hivi ndivyo pesa zinaibwa kwenye kadi bila mwenyewe kujua. Wengi mlionitumia mnauliza kitu kimoja: sasa wakituletea kadi za kupandia mathree hapa Nakuru, si tutamalizwa?

Jibu fupi ni zii. Jibu refu ndilo linanisumbua, kwa sababu kadi za usafiri zinaweza kweli kuwa na shida kubwa ya usalama, ila si hiyo ya jamaa wa kofia. Na tukikaa tukimwogopa yeye, wale tunaofaa kuwauliza maswali watapita hivi hivi wakitabasamu.

Tummalize kwanza. Kadi ya kugusisha haina betri. Ndani kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele na waya mwembamba uliozungushwa pembeni kama antena. Ukiileta karibu na kisomaji, kisomaji ndicho kinaipa nguvu kwa mawimbi ya megahezi 13.56. Chipu inaamka, zinaongea, unapita. Ikisogea zaidi ya sentimita kumi hivi, inalala tena. Kwa hivyo mtu akitaka kuongea na kadi iliyo mfukoni mwako, lazima akukaribie kiasi kwamba pale steji mkono wake tayari uko juu ya simu yako. Ataacha simu achukue finje ya nauli? Halafu kile kimashine chake kimesajiliwa kwa jina la biashara, na pesa zinaingia akaunti inayojulikana. Wizi wa aina hiyo unaacha kitambulisho nyuma. Kadi ya usafiri nayo kwa kawaida haiwezi kutuma salio lake kwa mwizi, inakatwa nauli tu.

Haya, jamaa wa kofia ameshuka.

Wadogo wetu wengi hawajui kwamba Kenya ilishajaribu hii kitu. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi inaitwa BebaPay. Unaigusisha kwenye simu ya makanga, nauli inakatwa. Serikali ikalipenda wazo, ikaamuru nauli za magari ya umma zilipwe bila keshi kuanzia Julai 1, 2014. Siku ikafika, ikasogezwa. Kadi zikawa za kampuni tofauti tofauti, na hazisikizani. Makanga hawakuzitaka, na ukifikiria utawaelewa: kadi inamwonyesha mwenye gari kila shilingi, ilhali gari linaishi kwa hesabu ya siku, kinachobaki ni cha dere na makanga, na kuna zile noti zinazopitishwa dirishani kule barabarani ambazo hazijawahi kuwa na risiti. Machi 2015 BebaPay ikafungwa. Shangazi yangu alikuwa anafanya kazi Nairobi wakati huo na bado ana yake. Anakwangulia barafu ya friji.

Leo wengi tunalipa kwa M-Pesa, lakini wazo la kadi halijafa na sioni likifa. Kigali abiria wamekuwa wakigusisha Tap&Go kwenye mabasi kwa miaka mingi sasa. Sisi nasi tulipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na jiji hupenda vitu vya jiji. Siku moja utaamka upate mathree ya Free Area ina kisomaji mlangoni na bango la rangi linalosema "gusa, panda, tulia". Nataka siku hiyo uwe umeshajua cha kuuliza.

Sasa ingia na mimi ndani ya chipu. Mimi si injinia, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, lakini hii stori inaeleweka hata na mtu wa darasa la nane.

Kuna chipu inaitwa MIFARE Classic. Ilitoka 1994, leo ni ya kampuni ya NXP ya Uholanzi, na imewekwa kwenye kadi nyingi ajabu duniani: za mabasi, za treni, za milango ya hoteli, za kantini. Usalama wake ulisimama juu ya fomula ya siri, Crypto-1, ambayo kampuni haikuichapisha. Wazo lilikuwa kwamba kama hujui kufuli limeundwaje, hutajua kulifungua.

Desemba 2007, kwenye mkutano wa wadukuzi huko Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz wakasimama mbele ya watu na kuonyesha kwamba wameisoma ile siri kutoka kwa chipu yenyewe. Waliikwangua tabaka kwa tabaka, wakapiga picha kila tabaka kwa darubini, wakafuata nyaya. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa biti 48. Hiyo ni kama uwezekano trilioni 281, inasikika ni nyingi, lakini kwa kompyuta si kitu cha kulia, na fomula nayo ilikuwa na mianya iliyorahisisha zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, wakaonyesha namna kadi hizo zinavyoweza kunakiliwa. NXP ikakimbia mahakamani kuzuia utafiti usichapishwe. Julai 2008 jaji wa Arnhem akakataa. Kwa lugha yetu alisema hivi: hasara haikuletwa na aliyeandika, imeletwa na aliyeunda na kuuza chipu yenye kasoro.

London wakasoma hiyo stori wakaanza kuhama, na kufikia mwanzo wa 2010 kadi mpya za Oyster zilikuwa na chipu nyingine yenye usimbaji wa nguvu zaidi. Nasema London ya Uingereza. London yetu, ile ya kando ya dampo la Gioto, bado inalipa makanga mkononi na kwa sasa haidukuliki.

Lakini miji yote haikuhama, kwa sababu kubadilisha kadi ni kubadilisha na visomaji vyote, na chipu ya zamani ni ya bei rahisi. Kuna hata kampuni zinazotengeneza mfano wake. Agosti 2024 mtafiti wa kampuni ya Quarkslab ya Ufaransa alichapisha kwamba chipu moja ya kuiga MIFARE, FM11RF08S ya Shanghai Fudan Microelectronics, iliyouzwa kama iliyoimarishwa dhidi ya mashambulizi ya zamani, ilikuwa na mlango wa nyuma uliojengwa ndani yake. Ukiujua ule ufunguo mmoja, kadi inafunguka kwa dakika chache. Soma hiyo tena polepole. Kufuli jipya, sanduku jipya, na tayari kuna ufunguo wa pili ambao mnunuzi hakuambiwa.

Na hapa ndipo swali la kadi ya Nakuru linaanza kuwa la kweli. Pesa zako zinakaa wapi? Kuna njia mbili. Ya kwanza, salio limeandikwa ndani ya kadi yenyewe. Kisomaji kinasoma 500, kinakata 50, kinaandika 450, basi, hata bila mtandao. Ya pili, kadi imebeba namba tu, na pesa ziko kwenye seva mahali. Njia ya pili ni salama zaidi dhidi ya mtu anayejiandikia salio, lakini inataka mtandao kila ukigusa ama muda mfupi baadaye. Sasa wewe umewahi kupanda gari la Olenguruone, ama la kushuka Subukia, ukajaribu kutuma hata ujumbe mmoja wa WhatsApp mahali milima imesimama katikati? Kampuni yoyote itakayoleta kadi huku kwetu itavutwa na ile njia ya kwanza. Siilaumu. Ila ikiichagua, ufunguo wa siri lazima uwepo kwenye kila kisomaji cha kila makanga, na visomaji huibwa, huuzwa, hupelekwa kwa fundi.

Kama kila kadi ina ufunguo wake tofauti, akivunja yako amevunja yako. Kama kadi zote za sacco nzima zinatumia ufunguo mmoja, hiyo ni sawa na ploti ya Kaptembwo ambapo milango thelathini inafunguliwa na ufunguo mmoja na kila mpangaji anadhani wake ni wa kipekee. Vibaya zaidi, kuna mifumo ambayo haitumii siri yoyote. Inaangalia tu namba ya kadi, ile inayosomeka na simu yoyote yenye NFC. Hiyo si kufuli hata kidogo. Hiyo ni kuandika jina mlangoni.

Utasema, sasa mtu akijiandikia salio si anamwibia mwenye mathree, mimi inanihusu nini? Inakuhusu. Hasara ikianza kuonekana, nauli inapanda, ama kadi zinafungwa ghafla na wewe una soo tatu ndani. Mwenye mfumo mbovu huwa hakosi mtu wa kulipia, na mtu huyo huwa ni abiria.

Kuna kitu kingine kinaniuma kuliko salio. Keshi haina kumbukumbu. Ukimpa makanga mbao mbili na kumi, akifika Pipeline ameshakusahau. Kadi haisahau. Iliyosajiliwa kwa jina lako inajua kwamba kila siku unatoka Lanet saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatano unarudi saa nne usiku, na Jumapili huwa unashukia mahali ambapo mamako hajui. Polisi wa London hutumia rekodi za Oyster kwenye upelelezi, na hiyo angalau ni polisi wenye utaratibu wa kuomba. Fikiria rekodi kama hiyo ikiwa kwenye kompyuta ya ofisi ndogo ya sacco, nenosiri limebandikwa kwenye kioo, na mpenzi wa zamani wa mtu fulani ndiye karani. Wasichana wananielewa haraka hapa. Wengi wamelipa nauli kwa M-Pesa na jioni wakapata "niaje mrembo" kutoka kwa namba ya makanga. Hapo makanga alikuwa na namba tu. Sasa mpe na ratiba.

Unaweza kusema nichukue kadi isiyo na jina. Sawa, lakini ikipotea imepotea kama noti, hakuna wa kuifunga. Yenye jina inafungika, na inakufuata. Hakuna ya bure hapo, na mimi ningependa nipewe nafasi ya kuchagua, si kuchaguliwa na mtu wa mauzo.

BebaPay ilipokuwa inakuja na kuondoka, Kenya haikuwa hata na sheria ya jumla ya mambo haya. Leo iko, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna Kamishna wa Data. Data ikivuja na kuna hatari kwa wenyewe, anayeishikilia anafaa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Kwenye karatasi tuko vizuri. Lakini kuripoti uvujaji kunahitaji kwanza mtu ajue kwamba kuna uvujaji, na hapo ndipo nataka kuwaambia kuhusu jamaa niliyeishi naye hosteli.

Chuo sitakitaja. Tulikuwa na kadi moja ya kufanya kila kitu: lango, maktaba, chakula. Huyu jamaa ni wale watu ambao wakinunua redio wanaifungua kabla ya kuiwasha. Jioni moja aliweka kadi yake mwenyewe, narudia, yake mwenyewe, kwenye simu, na programu ya bure ikamsomea yote. Ilikuwa MIFARE Classic. Salio la chakula lilikuwa limeandikwa ndani. Na ufunguo ulikuwa ule wa kiwandani, unaokuja na kadi ikiwa mpya, ambao uko kwenye intaneti na kila mtu anaujua. Hakuna mtu aliyewahi kuubadilisha. Hakudukua chochote. Mlango haukuwa umefungwa.

Hakuongeza hata shilingi. Alikaa siku mbili akiandika kurasa tatu nzuri, na michoro, akazipeleka ofisini kesho yake asubuhi akiwa amevaa shati la kuingiza ndani. Nilidhani watampa kazi ya likizo. Waliitisha kadi yake, wakamwandikisha maelezo kama mwizi, na mtu mmoja wa tai akamsomea Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018: kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, faini hadi milioni 5, ama kifungo hadi miaka 3, ama vyote viwili. Babake huuza viazi Molo. Milioni tano. Jamaa alitia sahihi kwamba hatazungumza tena, akatoka. Kadi ziliendelea vile vile. Muhula uliofuata kukawa na watu wanakula vizuri kuliko pesa zao, na hao hawakuwa wameandika kurasa tatu.

Sasa weka hiyo kando ya Boston, Marekani. Agosti 2008 wanafunzi watatu wa MIT walipanga kueleza kwenye mkutano wa DEFCON, Las Vegas, jinsi kadi ya usafiri ya mji wao, CharlieCard, ilivyo dhaifu. Shirika la usafiri, MBTA, likawashtaki na kupata amri ya kuwanyamazisha. Kituko ni kwamba waliohudhuria mkutano walikuwa wameshapewa maelezo kwenye CD, na karatasi za kesi zenyewe zikaanika mambo zaidi. Siku kumi hivi baadaye amri ikaondolewa. Kadi ikabaki ile ile. Miaka 15 ikapita, na vijana wanne wa shule ya upili, waliposoma hiyo stori ya zamani, wakaamua kujaribu. Agosti 2023 wakapanda jukwaa lile lile la DEFCON na kuonyesha wanaweza kujiwekea salio wanalotaka, na hata kutengeneza kadi ya mfanyakazi inayopanda bure. Safari hii MBTA haikuwashtaki. Iliwaita, ikawasikiliza, ikaongea nao kuhusu shimo lenyewe.

Ni shirika lile lile. Mara ya kwanza lilidhani adui ni mwenye kusema, na likapata miaka 15 ya kadi mbovu.

Kwa hivyo siku kisomaji kitafungwa mlangoni mwa mathree yako, usiulize kama mtu anaweza kukuibia kwa mfuko. Uliza chipu ni gani, na kama mtu wa mauzo atasema hiyo ni siri ya usalama, jua umeshapata jibu, kwa sababu chipu nzuri haihitaji kufichwa jina. Uliza salio liko ndani ya kadi ama kwa seva. Uliza rekodi za safari zako zinafutwa baada ya siku ngapi na nani anaziona. Makanga hatakuwa na majibu, msimsumbue, uliza sacco, uliza kaunti, andika. Na wenye sacco wa Nakuru, Naivasha, Gilgil, huko kote, hii ni yenu: ile sheria ya 2018 inaongea kuhusu kuingia bila ruhusa. Ruhusa mnaweza kutoa nyinyi. Andikeni ukurasa mmoja useme kwamba mtu akipata shimo kwenye kadi yenu, amejaribu kwa kadi yake tu na hajachukua pesa, alete wapi, amwone nani, na kwamba hatashtakiwa. Mashirika makubwa duniani hufanya hivyo na hata hulipa.

Jamaa yangu hakurudi kwa mambo ya kadi. Sasa hivi anatengeneza simu kwa kibanda kimoja karibu na Kenyatta Avenue, vioo na chaji, na ana mkono mzuri. Zile kurasa tatu anazo bado, nimeziona, ziko kwenye droo chini ya vioo vya Tecno. Hufungua saa mbili asubuhi.